Oili Nzito Siyo Dawa ya Kila Injini

Ukisimama siku hizi kwenye njia panda ya skimu yo yote saa kumi na mbili ya asubuhi, utaona magari ya wakulima wenyewe yakipita na mitungi ya maziwa, magunia ya viazi na kabeji. Skimu za Ekari Milioni Moja zilipoanzishwa mwaka 1962, wakulima wengi walikwenda kwa miguu, na mwenye punda alikuwa mtu mkubwa. Leo mkulima wa ekari kumi aweza kuwa na pikapu, au gari dogo la Japani lililokwisha tumika, ama amenunua trakta ya zamani pamoja na jirani zake wawili. Haya ni maendeleo, na twayafurahia. Lakini katika skimu hizo hizo utaona pia, nyuma ya nyumba nyingi, gari limesimama juu ya mawe, kuku wametaga juu ya kiti, na injini imelala chini ya turubai ikingojea fedha za fundi.

Mimi nasema kwamba nyingi katika injini hizo hazikufa kwa uzee. Zimeuawa kwa oili isiyofaa, au kwa oili iliyofaa lakini ikaachwa humo mpaka ikawa uji. Tena nasema ya kuwa kosa kubwa lililoenea miongoni mwetu ni imani moja, yaani kwamba oili nzito ndiyo oili nzuri. Imani hiyo ndiyo nitakayoipinga hapa, ingawa najua wako mafundi ambao hawatapendezwa.

Si vigumu kuona imani hiyo imetoka wapi. Magari tuliyoyaona utotoni, kama vile Land Rover za zamani na Peugeot 404, na baadaye 504, yalikuwa na injini zilizotengenezwa kwa nafasi kubwa kidogo kati ya chuma na chuma. Injini hizo zilipenda oili nzito kama 20W-50, au ile iliyoandikwa namba moja tu, 40. Fundi aliyeimwaga humo hakukosea. Alimfundisha mwanawe, na mwanawe akamfundisha mwanagenzi wake. Magari yamebadilika tangu hapo, lakini mafundisho yamebaki yale yale. Basi sasa mkulima analeta gereji gari la Japani ambalo kitabu chake chataka 5W-30, naye anaambiwa, "Mzee, hiyo ni maji tu. Kwa hii barabara yetu na jua letu, weka nzito." Mkulima ataka kulitunza gari lake, kwa hivyo analipa fedha zake ili liharibiwe.

Kazi ya oili ndani ya injini

Ndani ya injini vyuma vinazunguka na kupanda na kushuka maelfu ya mara kwa kila dakika. Kazi ya oili ni kuingia kati ya chuma na chuma, ili visigusane. Pale kwenye beringi za krankshafti, utando mwembamba sana wa oili ndio unaobeba uzito wote. Oili pia huchukua joto kutoka kwenye pistoni, hubeba masizi na uchafu mpaka kwenye filta, na huzuia kutu. Kwa magari ya Toyota yenye maandishi ya VVT-i, na mengine mengi ya siku hizi, oili imepewa kazi nyingine tena. Nguvu yake ndiyo inayogeuza kamshafti mbele na nyuma ili vali zifunguke kwa wakati unaofaa. Njia za oili katika mtambo huo ni nyembamba, na zina vichungi vidogo mno. Mtu akitia oili nzito kupita kiasi, au oili chafu, mtambo huchelewa kufanya kazi, gari hukosa nguvu mlimani, taa ya injini yawaka, na fundi aanza kubadilisha plagi ambazo hazina kosa lo lote.

Tazama jambo hili hasa. Usiku, gari likiwa limelala, oili yote huteremka chini kwenye sampu. Asubuhi unapowasha, pampu lazima iinyonye na kuisukuma mpaka juu kwenye vali. Mpaka ifike huko, vyuma vya juu vinasuguana vikiwa na utando uliobaki jana tu. Oili nyepesi hufika upesi. Oili nzito hukawia. Ndugu zetu wa Kinangop na Ol Kalou wanajua baridi inayogandisha umande juu ya majani ya viazi. Katika asubuhi kama hiyo oili nzito yenda kama asali ya mzinga, na injini yalia kwa muda kabla ya kutulia. Sauti ile ya kugonga ambayo wengi huiita "gari linaamka" ni sauti ya chuma kinachogonga chuma.

"Lakini sisi wa Mwea hatuna baridi," atasema mwingine. Ni kweli, ila hata Mwea asubuhi si moto kama ndani ya injini inayofanya kazi. Injini ikipata moto, maji yake hushikwa na thamostati yapate joto la digrii 80 hadi 90 na zaidi kidogo, na oili hukaribia digrii 100. Joto hilo ni karibu lile lile Mombasa, Mwea na Kinangop. Jua la nje huongeza kidogo tu, ikiwa radieta ni safi na feni yazunguka. Hata ile oili tunayoiita nyepesi ni nzito mara nyingi zaidi asubuhi kuliko inavyokuwa gari likiwa limepata moto. Kwa hivyo neno hili la kusema "nchi yetu ina jua, tia nzito" halina msingi kama wengi wanavyodhani.

Kusoma namba za mkebe

Namba zilizo juu ya mkebe zinatokana na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani kiitwacho SAE, ambacho kilianza kupanga oili kwa namba mwaka 1911. Twaa mkebe ulioandikwa 15W-40. Herufi W imetoka katika neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba 15 iliyo mbele yake yaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, na kadiri namba hii ilivyo ndogo, ndivyo oili itakavyokwenda upesi asubuhi. Namba 40 iliyo nyuma yaeleza unene wake ikiwa moto, yaani kwa digrii 100. Basi 5W-30 na 15W-30 zingekuwa sawa sawa gari likiwa na moto, lakini ile ya kwanza ingeamka mapema zaidi.

Namba hizi hazisemi oili ni nzuri au mbaya. Hapo ndipo wengi hupotea. Oili ya 50 si "bora" kuliko ya 30, kama vile kiatu namba 10 si bora kuliko namba 7. Uliza mguu ni wa nani.

Ubora husomwa katika herufi nyingine, zinazofuata neno API. Herufi zinazoanza na S ni za injini za petroli: SJ, SL, SM, SN, SP. Kadiri herufi ya pili inavyoendelea mbele katika alfabeti ndivyo oili ilivyo ya utaratibu mpya zaidi. SL ilitoka mwaka 2001, SN mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Oili ya petroli ya herufi ya mbele yaweza kutumika mahali pa ile ya nyuma, lakini ile ya nyuma haifai kuchukua mahali pa ile ya mbele. Ukiona mkebe wa bei rahisi sana wenye maandishi SF, jua kwamba oili ya namna hiyo haikukusudiwa injini zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Ikiwa gari lako ni la mwaka 2012, usiitie, hata ukipewa bure.

Herufi zinazoanza na C ni za dizeli: CF-4, CH-4, CI-4, CK-4. Dizeli hutoa masizi mengi, na oili yake hutiwa dawa nyingi zaidi za kuyabeba masizi yasigande. Pikapu na malori yetu mengi ya dizeli ya zamani, na injini nyingi za trakta, hufanya kazi vizuri kwa 15W-40 yenye CI-4. Magari mapya ya dizeli yaliyo na kichungi cha moshi kwenye bomba la nyuma yana oili zao za namna ya pekee, yenye majivu machache; humo usitie kitu kabla ya kusoma kitabu. Oili nyingine zina herufi za namna zote mbili juu ya mkebe mmoja. Hizo zaweza kuwafaa wenye petroli na wenye dizeli, mradi namba za unene zikubaliane na injini.

Kitabu cha gari kiko wapi? Hili ni tatizo la kweli, wala sitalipuuza. Magari yaliyotumika Japani huja mara nyingi bila kitabu, au na kitabu cha Kijapani ambacho hakuna mtu wa kukisoma kijijini. Fanya hivi. Fungua bonneti, utazame kifuniko cha mahali pa kutilia oili; magari mengi yameandikwa namba ya oili pale pale. Pasipokuwa na maandishi, tafuta kibao cha chuma chenye jina la injini, uandike jina hilo kwenye karatasi, na umwulize wakala wa magari ya namna hiyo mjini, au umwombe kijana aliye na simu akutafutie kitabu cha injini hiyo. Kwa mfano, magari mengi ya Toyota Probox yana injini iitwayo 1NZ-FE. Injini hiyo yataka oili nyepesi, 5W-30 kwa kawaida, na pamoja na filta mpya huchukua lita 3.7. Mtu akinunua mkebe wa lita 4 hana haja ya kuumwaga wote. Oili ikizidi sana mstari wa juu, krankshafti huipiga mpaka itoe povu, na povu haliwezi kubeba chuma.

Injini iliyochoka

Nimesema oili nzito si dawa. Lakini yuko mkulima mwenye gari lililokwenda kilomita 300,000, ambalo lala lita moja ya oili kila majuma mawili na kutoa moshi wa buluu. Je, huyu naye asitie nzito kidogo? Kitabu cha gari mara nyingi kina jedwali linaloruhusu namba zaidi ya moja. Ikiwa kinaruhusu 5W-30 na 10W-40, mwenye injini iliyochoka aweza kuchukua ile ya 40 bila hofu. Huko ni kupanda ngazi moja iliyo ndani ya kitabu. Lakini kuruka mpaka 20W-50, kisha kuongeza ile dawa nzito kama gundi inayouzwa katika vichupa, ni kufunika kidonda kwa kitambaa kizuri. Moshi utapungua kwa mwezi mmoja. Ringi zilizokwisha hazitakua tena. Ningependa kila mkulima ajue ya kuwa hii ndiyo njia wanayotumia watu wabaya kuuza magari yaliyokufa. Ukienda kununua gari la mkononi, omba liwashwe asubuhi likiwa baridi kabisa, na uchomoe kijiti cha kupimia. Oili iliyo nzito kama molasesi ikuulize swali.

Rangi ya oili nayo hudanganya. Wako wanaosema oili ikiwa nyeusi imeharibika, na ikiwa bado ya dhahabu ni nzima. Katika dizeli oili mpya yaweza kuwa nyeusi baada ya siku chache tu, nayo yafanya kazi yake ya kubeba masizi. Oili ya dizeli inayobaki safi miezi mitatu ndiyo ingenitia wasiwasi. Rangi ya kuogopa ni ile ya maziwa au ya chai ya maziwa. Ukiiona kwenye kijiti, na maji ya radieta yanapungua, simamisha gari; maji yanaingia katika oili, na labda gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukiona povu jeupe chini ya kifuniko cha kutilia tu, na maji hayapungui, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi za asubuhi za baridi, ambapo injini haikupata moto wa kutosha kuukausha. Lipeleke gari safari ndefu kidogo, kisha ubadilishe oili mapema.

Hesabu ya kubadilisha

Kwa kazi zetu, na kwa vumbi letu, mimi nafuata kilomita 5,000 kwa oili ya kawaida. Wengine watasema ni mapema mno, kwa maana mkebe umeandikwa 10,000. Mkebe huo haukuandikwa na mtu anayepeleka maziwa kwenye barabara ya udongo. Tufanye hesabu. Mkulima anayekwenda kilomita 60 kila siku, kwenda kiwandani na kurudi na kupitia sokoni, amemaliza kilomita 5,000 katika siku 83. Yaani chini ya miezi mitatu. Wengi hubadilisha mara moja kwa mwaka, wakati wa kulipwa bonasi, na kwa hesabu hii wamekwenda karibu kilomita 22,000 na oili ile ile.

Tena kuna kilomita zisizoonekana. Kwenye foleni ya maziwa madereva huacha injini ikinguruma nusu saa nzima, kwa sababu betri ni mbovu na waogopa kuzima. Namba ya kilomita haisogei hata moja, lakini oili inachoka, na petroli isiyoungua inaingia ndani yake na kuiharibu. Trakta hatuipimi kwa kilomita bali kwa saa, na nyingi zataka oili mpya kila saa 250. Ikiwa saa ya trakta imekufa, andika katika daftari siku za kulima na saa zake.

Filta ibadilishwe kila mara pamoja na oili. Kuna tabia ya kuosha filta ya zamani kwa petroli na kuirudisha. Tabia hiyo ni ya kuachwa leo, kwa kuwa karatasi iliyo ndani haioshiki. Na filta ya hewa isisahauliwe, maana vumbi likipita huko hugeuza oili kuwa msasa.

Kuhusu oili ya gharama kubwa iitwayo sinthetiki, maoni yangu ni mafupi. Ni nzuri, na injini nyingine mpya haziwezi bila hiyo. Lakini kwa pikapu ya kazi ambayo kitabu chake chakubali oili ya kawaida, ile ya kawaida iliyobadilishwa kwa wakati yashinda sinthetiki iliyoachwa mwaka mzima kwa sababu mwenyewe ameona uchungu kuimwaga.

Wenye pikipiki, na siku hizi ndio wengi kuliko wenye magari, wasitumie oili ya gari dogo. Katika pikipiki nyingi klachi yaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Oili za magari nyingi zimetiwa dawa za utelezi, na klachi huanza kuteleza ukiwa mlimani na magunia mawili nyuma. Tafuta mkebe wenye alama JASO MA. Kwa trakta pia, oili ya injini haiwi oili ya giaboksi na haidroliki, ila ile iliyoandikwa wazi kuwa ni ya kazi zote za trakta. Breki zinazofanya kazi ndani ya oili zitalia na kuchoka ukikosea.

Oili ya kupima, na kazi ya chama

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Katika soko la skimu moja niliyopita, oili iliuzwa kutoka katika pipa lisilo na jina, kwa kikombe, na mwuzaji alipoulizwa namba yake alijibu, "Hii ni ya magari yote." Hakuna oili ya magari yote. Oili ya namna hii mara nyingi ni oili iliyokwisha tumika, ikachujwa kwa kitambaa. Uchafu mkubwa hutoka, lakini masizi, asidi na chembe ndogo za chuma hubaki, na dawa zilizowekwa na kiwanda zimekwisha kufanya kazi na kufa. Mkulima huinunua kwa sababu hana fedha za mkebe mzima kwa siku hiyo. Simlaumu. Amelipa karo, amelipa mbegu, na maziwa hayajalipwa.

Kwa sababu hiyo nadhani dawa haiko kwa mkulima mmoja mmoja. Iko kwa vyama vyetu vya ushirika. Chama kinachoweza kununua mbolea na chakula cha ng'ombe kwa jumla, na kukata bei yake kwenye malipo ya maziwa, chaweza kununua oili vile vile. Haihitaji namna kumi. Katika skimu nyingi namna mbili zingetosha karibu magari yote: 15W-40 CI-4 kwa dizeli na trakta, na 5W-30 SN au SP kwa magari madogo ya Japani, pamoja na mikebe midogo ya pikipiki. Iagizwe kwa wakala anayejulikana, mapipa yaje na lakiri zake, na alama ya KEBS iwepo. Kila mwanachama atie sahihi katika daftari, tarehe, lita alizochukua na kilomita za gari lake. Daftari hilo lingekuwa pia la kumkumbusha siku yake ikifika.

Watu wamenijibu kwamba karani ataiba. Labda. Karani aliyetaka kuiba ameweza pia kuiba mbolea, na hatukuacha kununua mbolea. Tuliweka kufuli, na kamati ikahesabu magunia kila mwezi. Pipa la oili lina kijiti chake cha kupimia, na lita zilizotoka zimeandikwa. Mwenye kuhesabu magunia aweza kuhesabu lita.

Ila mapipa yatunzwe. Pipa lililosimama nje mvuani hukusanya maji juu ya kifuniko chake. Mchana jua hulichemsha na hewa ya ndani hutoka kidogo. Usiku hupoa na kuvuta, na maji yaliyo juu huingia polepole kwenye nyuzi za kifuniko hata kama kimekazwa. Baada ya miezi michache oili mpya ina maji kabla haijaona injini. Liwekwe chini ya paa, au lilazwe kwa ubavu vifuniko vikiwa usawa mmoja, saa tatu na saa tisa kama mishale ya saa ya ukutani. Oili itolewe kwa pampu safi. Na mtu ye yote asichukue oili kwa mtungi wa maziwa, hata mara moja, hata akiahidi kuuosha. Harufu haitoki, na maziwa ya kijiji kizima yaweza kukataliwa kwa sababu ya mtungi mmoja.

Anayenunua mkebe dukani atazame lakiri ya kifuniko na maandishi yasiyofutika. Akimaliza, autoboe mkebe kwa msumari kabla ya kuutupa. Mikebe mizima yenye majina mazuri hununuliwa na watu wanaoijaza oili ya kuchujwa, kisha huuziwa sisi tena kwa bei ya mpya.

Imebaki oili chafu inayotoka. Desturi yetu ni kuipaka kwenye nguzo za ua ili mchwa wasile, kuimwaga barabarani kuzuia vumbi, na wengine huipaka ng'ombe kwenye vidonda na mahali pa kupe. Nguzo zina dawa zake. Ng'ombe ndiye ninayemsikitikia. Oili iliyotumika ina masizi na chembe za chuma, na imejulikana katika majaribio ya panya kuwa ikipakwa ngozini muda mrefu huleta kansa. Mkulima naye asiiache mikononi mpaka jioni. Anawe kwa sabuni, si kwa petroli. Na ikimwagwa huteremka na mvua mpaka kwenye kisima au mtoni, ambako ng'ombe wa jirani hunywa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yakataza kumwaga oili namna hiyo. Chama kikiwa na pipa la oili mpya, na kiwe na pipa la pili, lililopakwa rangi nyingine na kuandikwa CHAFU kwa herufi kubwa, ambalo litachukuliwa na mtu mwenye leseni ya kazi hiyo. Mwanachama anayetaka lita nne mpya arudishe lita zake za zamani kwanza. Shauri hili laweza kuletwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama, na katibu aombwe aliandike katika orodha ya mambo kabla ya barua za kuita wanachama hazijatoka.